Perege wa Mkondoa na Mboga za Ndani



Ukilisikia jina la Magomeni, fikra zako zitakwenda Dar es Salaam. Leo twakupeleka kwenye Magomeni nyingine, ile iliyo kata ya mji wa Kilosa, mkoa wa Morogoro, katika bonde la mto Mkondoa. Misafara ya watu wa pwani ilipita kando ya mto huo katika karne ya 19 ikielekea Ugogo na Tabora, na Wajerumani walipojenga reli ya kati wakafuata bonde hilo hilo. Udongo wake una rutuba, na mboga zastawi. Lakini mto ulioleta udongo huo ndio huo huo unaokuja kuudai. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta lake ukaingia mjini. Maelfu ya watu wakabaki hawana makazi, reli ikakatika, na mashamba ya bondeni yakaenda na maji.

Mtu aliyeyaona hayo halaumiwi akiuliza: je, haiwezekani kulima mchicha nyumbani, juu ya beseni au hodhi la kioo lenye samaki, kama tusikiavyo wafanyavyo watu wa Ulaya na Marekani? Yawezekana. Ila hayo maneno ya "watu wa Ulaya na Marekani" ndiyo tunayotaka kuyatazama, kwani jambo hili lina nasaba ndefu, na sehemu ya nasaba hiyo iko kwetu.

Tuanze na lenyewe lilivyo. Samaki akila hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua yake. Amonia ikizidi humuua mwenyewe. Lakini katika kokoto na kuta za hodhi huota bakteria wasioonekana kwa jicho. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo chakula cha majani. Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walithibitisha mwaka 1877 kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Basi maji ya samaki yakipita kwenye mizizi ya mboga, mboga hula, na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamepungua sumu.

Sasa rudi nasi Lamu. Katika nyumba kongwe za mawe, chooni palikuwa na birika la kuogea na kutawadhia, na ndani ya birika wazee wetu waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa waliliingiza bakuli la kaure katika chokaa, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kubakia hai. Tafadhali lifikirie bakuli hilo. Aliyelijenga alijua kwamba siku moja mtumishi atachelewa kujaza maji, na akamtengenezea samaki akiba. Ama suala la tahara, mwanafunzi yeyote wa chuoni aliyesoma fikihi ya Shafi anayajua masharti ya maji yaliyofika qullatayn, yaani lita 200 hivi, na yale yasiyofika. Mwenye shaka na birika lake amwulize shekhe wake.

Tusiwasingizie wazee lakini. Hawakupanda mchicha juu ya birika. Samaki wao walikuwa askari wa mbu tu.

Walioukaribia zaidi mpango huu ni jamaa zetu wa Omani. Huko maji ya falaji hutoka chini ya milima, na kwa desturi hupita kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini na kwenye pa kuogea, ndipo yakaingia katika mitende na bustani. Ndani ya mfereji wamo samaki wadogo wanaokula ukungu wa kijani. Maji yale yale hunywesha, hutwaharisha, hulea samaki, na mwisho huotesha. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji 5 za Omani, ikiwemo Daris ya Nizwa, katika urithi wa dunia.

Wamarekani walikuja baadaye. Taasisi ya New Alchemy, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilifuga samaki katika matangi ndani ya nyumba za vioo huko Cape Cod, na maji yake wakayamwagia mboga. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin walilipa jambo hili vipimo, wakifuga samaki na kuotesha saladi na mrehani kwa maji yanayozunguka. Na samaki wa watu hao alikuwa nani? Ni jamii ya sato na perege, samaki wa Afrika.

Hapa ndipo Kilosa inapoingia tena, na inaingia kwa mlango ambao wengi hawaujui. Mkondoa huteremka ukaungana na Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani, ng'ambo ya Unguja. Katika maji hayo yuko perege ambaye bibi mmoja mtaalamu, Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London, alimwandika mwaka 1966 kwa jina la hornorum. Kabla ya hapo perege huyo alikwisha kupelekwa Unguja, na kutoka Unguja akafikishwa Malacca, Malaya. Huko, katika miaka ya 1950, Mwingereza C. F. Hickling alimchanganya dume wa Unguja na jike wa perege wa Msumbiji, na vifaranga wote wakatoka madume. Jambo hilo lilikuwa faida kubwa, kwa sababu perege dume na jike wakikaa pamoja huzaana mno hata wote wakadumaa. Katika miaka ya 1970, huko Florida, damu ya samaki wa Wami ilitumika tena kupata perege wekundu wanaofugwa leo nchi nyingi.

Basi mtu wa Magomeni atakayeweka tangi uani hamwigi mtu. Lakini ajue hesabu zake. Shirika la FAO, katika kitabu chake cha mwaka 2014, lakadiria gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita 1 ya mraba ya mboga za majani. Hodhi dogo la sebuleni, lenye samaki wanaokula kijiko kimoja tu, litamtosha mwenye nanaa na kotmiri. Halitalisha nyumba ya watu 8 mchicha. Maji ya bomba yenye dawa yalale wazi siku nzima kwanza. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea, na katika muda huo samaki wawe wachache na chakula kiwe kidogo. Wengi huwaua samaki wao hapa kwa pupa. Mboga zataka mwanga, kwa hiyo mahali pake ni dirishani, barazani au uani, si pembeni mwa kabati. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, kata na mkono vyatosha: chota maji ya hodhi, yamwagie kokoto za mboga, yaache yachuruzike kurudi, asubuhi, mchana na jioni.

Kisha achague samaki kwa uangalifu. Wauza vifaranga watamsifia sato, kwa kuwa hukua upesi, na hilo ni kweli. Ila sato si mwenyeji wa Wami. Watafiti wa miaka ya karibuni wamemkuta amekwisha kuenea katika mito ya mashariki ya Tanzania, na mahali pengine amezaa machotara na perege wa asili. Perege yule aliyesafiri hadi Malacca na Florida sasa anaweza kupotea katika mto wake mwenyewe, na madimbwi ya kufugia yaliyofurika ni mojawapo ya njia anazopitia sato. Nyumba za Magomeni haziko mbali na Mkondoa. Maji yakipanda tena kama ya Januari 2010 na kulibeba tangi la uani, perege aliyemo atakuwa amerudi alikotoka. Sato ataingia mtoni, na hakuna wavu utakaomtoa.