RFID, kontena na makubaliano: historia inayopitia Mkomani

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia. Mada ni RFID, yaani utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio. Wengi wetu tunaijua kwa ile kadi unayoigusisha mlangoni ofisi ikafunguka. Basi tunadhani ni jambo la makampuni ya ng'ambo, sisi kazi yetu ni kutumia tu.

Lakini hapa Mombasa hadithi hii ina anwani. Kule Links Road, Nyali, upande wetu wa Mkomani, ndiko yaliko makao ya mamlaka inayoratibu Ushoroba wa Kaskazini. Hiyo ndiyo njia ya mizigo (barabara, reli na bomba la mafuta) inayoanzia bandari ya Mombasa kuelekea bara. Mkataba wake wa kwanza ulitiwa saini 1985 na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia 1987, na Sudan Kusini 2012. Kontena la mtu wa Kampala husafiri karibu kilomita 1,170 kutoka bandarini, na la mtu wa Kigali karibu kilomita 1,700. Njiani humo, nani anajua liko wapi? Na akisema anajua, nani anamwamini?

Shikeni swali hilo la pili, maana ndilo uti wa mgongo wa makala hii. Tagi yenyewe, kama tutakavyoona, ndiyo sehemu rahisi.

Ilikoanzia

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia rada iliweza kuonyesha kwamba kuna ndege inakuja, lakini haikuweza kusema ni ya rafiki au ya adui. Waingereza wakaweka ndani ya ndege zao kifaa kinachojibu kila kinapopigwa na mawimbi ya rada. Ndege "ikaitika" jina lake, na wazo likazaliwa: kitu kijitambulishe chenyewe kwa redio.

Mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha utafiti kuhusu mawasiliano kwa kutumia nguvu iliyoakisiwa. Maana yake ni hii: kifaa kisicho na betri kinaweza kuongea kwa kuyarudisha mawimbi aliyoyatuma mwingine, kama mtu anayemulika kioo juani. Tagi nyingi za leo hufanya kazi kwa msingi huo huo. Kisomaji hurusha mawimbi, antena ya tagi inachota humo umeme kidogo wa kuamsha chipu, na chipu inarudisha namba yake. Hakuna betri ya kubadilisha.

Mwaka 1973 Mmarekani Mario Cardullo alipata hataza ya tagi ya redio yenye kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilisomwa kwa mashine. Ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe ya kutambulisha bidhaa. Msimbopau ukashinda, kwa sababu wino ni rahisi kuliko chipu. RFID ikabaki kwenye vitu vyenye thamani kubwa: ng'ombe, mabehewa, magari ya kulipia barabara.

1999: chipu inapunguziwa kazi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kevin Ashton, mfanyakazi wa Procter & Gamble huko Uingereza, alikuwa na tatizo la kawaida kabisa. Rangi fulani ya mdomo ilikuwa inaisha rafuni na hakuna anayejua, ingawa ghalani imejaa. Wakati huo huo, katika chuo cha MIT nchini Marekani, David Brock na Sanjay Sarma walikuwa wakijiuliza jinsi roboti inavyoweza kutambua vitu vilivyo mbele yake. Mwaka 1999 pande hizo zikakutana, na kituo cha utafiti kikaanzishwa pale MIT kikiitwa Auto-ID Center. Waliochangia fedha mwanzoni ni pamoja na Procter & Gamble, Gillette na mashirika yanayosimamia msimbopau.

Sasa, sisi wa programu tutaupenda uamuzi wao mkuu. Kila mtu kabla yao alitaka kuongeza mambo ndani ya tagi: kumbukumbu kubwa, maelezo ya bidhaa, historia yake. Wao wakafanya kinyume. Tagi ibebe namba tu, yenye biti 96, na mengine yote yakae kwenye mtandao. Ni kama namba ya gari. Kibao cha namba hakiandiki jina la mwenye gari wala bima yake. Ukitaka kujua, nenda kwenye rejista. Biti 96 zinaweza kuandika namba za tarakimu 29, kwa hiyo kila mche wa sabuni duniani ungepata namba yake na nyingi zikabaki. Chipu ikipunguziwa kazi inakuwa ndogo, na ikiwa ndogo inakuwa rahisi. Lengo lao lilikuwa tagi ya senti 5 za Marekani.

Lakini angalieni kilichotokea. Ugumu haukuondoka, ulihama tu. Ulitoka kwenye chipu ukaenda kwenye mtandao, na mtandao ni watu. Nani atoe namba? Seva ya nani itajibu? Mshindani wangu aone nini na asione nini? Ndiyo maana utafiti huu haukuweza kufanywa na chuo kimoja. Vilijiunga Cambridge (Uingereza), Adelaide (Australia), Keio (Japani), Fudan (China) na St. Gallen (Uswisi), pamoja na makampuni zaidi ya mia moja. Mwaka 2003 kituo kilifungwa, na kazi ikagawanywa. Viwango vilikabidhiwa EPCglobal, na utafiti ukaendelea katika mtandao wa maabara za vyuo hivyo, ambao baadaye KAIST ya Korea Kusini iliingia. Jumla maabara saba. Afrika hakuna hata moja.

Desemba 2004 kiwango cha kizazi cha pili cha tagi, Gen 2, kiliidhinishwa, na 2006 kikaingizwa katika viwango vya ISO. Mwaka 2007 kikaja EPCIS, kiwango cha kubadilishana matukio: kitu gani, lini, wapi, na kwa sababu gani. Kwa maoni yangu hicho cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, ingawa hakuna aliyekiandikia habari kubwa gazetini.

Magazeti yalikuwa yameshughulishwa na Walmart. Juni 2003 kampuni hiyo iliwataka wauzaji wake 100 wakubwa waweke tagi kwenye maboksi na vibao vya mizigo kufikia Januari 2005. Wengi waliitikia kwa shingo upande. Gharama ilikuwa yao, faida ikaonekana zaidi upande wa Walmart, na mpango ukapoa. Mwaka huo huo wa 2003 Benetton ilikumbana na kampeni ya kususia bidhaa zake baada ya habari kwamba nguo zingewekwa tagi. Wateja waliuliza: tagi hii ikitoka dukani ikiwa juu ya mwili wangu, nani anaendelea kuisoma? Ni swali halali, nasi tutalirudia.

Bandarini mambo ni mengine

Turudi nyumbani. Tagi ya senti 5 haiwezi kazi ya bandari peke yake. Mawimbi yake hayapiti chuma, na kontena ni sanduku la chuma. Maji nayo huyameza. Tena kisomaji huona mita chache tu, ilhali lori linakwenda mamia ya kilomita porini bila kisomaji chochote.

Kwa hiyo kwenye ushoroba wetu wazo la Auto-ID lilikuja kwa umbo jingine: muhuri wa kielektroniki unaofungwa mlangoni mwa kontena. Huu una betri, unapokea mahali ulipo kutoka satelaiti, na unatuma taarifa kwa laini ya simu kama simu yako ya mkononi. Ukikatwa, unalia. Lori likitoka nje ya njia iliyoruhusiwa, kengele inalia katika chumba cha udhibiti. Mtaalamu atasema hiyo ni binamu ya RFID, si RFID halisi, na ni kweli. Lakini msingi ni ule ule: mzigo unajitaja wenyewe kwa redio, na maana yake imo kwenye mtandao.

Kwa nini ulihitajika? Mzigo wa Uganda au Rwanda ukipita Kenya haulipi ushuru wa Kenya. Ukishushwa njiani na kuuzwa kimyakimya, serikali inapoteza ushuru na mfanyabiashara anayelipa kihalali anauawa kibiashara. Ili kuzuia hilo, mwenye mzigo aliweka dhamana ya fedha, na malori mengine yalikwenda kwa misafara yakisindikizwa na maafisa wa forodha. Msafara huenda kwa mwendo wa lori bovu kuliko yote, na anayengoja msafara haingizi shilingi.

Kenya ilianza mfumo wake wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki mwaka 2010. Uganda ikaanza wake 2014. Mmeona tatizo? Nchi mbili, mifumo miwili. Muhuri unaoaminika Kenya ulikuwa chuma tu ukivuka Malaba. Ni kosa lile lile tunalolijua katika programu: kila mmoja anajenga hifadhidata yake safi, halafu mpakani mtu anachapa upya kwa mkono.

Makubaliano yakaanza kuja polepole. Mwaka 2014 lilianza Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki: mzigo unatangazwa na kulipiwa katika nchi unakokwenda ukiwa bado Mombasa, na maafisa wa mapato wa Uganda na Rwanda wakaja kufanya kazi hapa pwani. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda (KRA, URA na RRA) zikaanza mfumo mmoja wa kanda, RECTS, kwa fedha za Uingereza kupitia TradeMark East Africa. Muhuri mmoja unafungwa Mombasa na kufunguliwa mwisho wa safari, na vyumba vya udhibiti vya Nairobi, Kampala na Kigali vinaona safari ile ile.

Teknolojia ya kufanya hivyo ilikuwepo miaka mingi kabla. Kilichochelewa ni nchi tatu kukubali kwamba kengele ya mwenzako ni kengele yako.

Mtihani wa 2020

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Aprili na Mei 2020 foleni za malori Malaba na Busia zilifika makumi ya kilomita. Mizigo ilijulikana iko wapi, mihuri ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kisichoaminika kilikuwa cheti cha dereva: amepimwa wapi, na nani, na nchi ya pili inakubali jibu hilo? Madereva walilala barabarani siku nyingi, na kila kijiji walichopita waliogopwa kama wao ndio ugonjwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijibu mwaka huo huo kwa mfumo wa kufuatilia mizigo pamoja na dereva, ambapo majibu ya vipimo yalipatikana kwenye simu na kuonekana na nchi zote zilizojiunga. Lilikuwa suluhisho la maana. Lakini tazameni hatua tuliyoruka: tulianza kwa kuhesabu masanduku, tukaishia kufuatilia mtu. Swali la wateja wa Benetton la 2003 likamfikia dereva wa trela.

Nini cha kujifunza

Kwanza, muhuri unajua habari za mlango tu. Ukifungia uongo ndani ya kontena, mfumo utausafirisha uongo huo hadi Kigali kwa uaminifu mkubwa. Data mbaya yenye satelaiti ni data mbaya bado.

Pili, anayelipia viwango ndiye anayeviandika. Maabara saba, hakuna ya kwetu. Mfumo wa kanda, fedha za wafadhili. Simlaumu aliyetoa, lakini vijana wanaosoma kompyuta hapa pwani wanapita karibu na moja ya njia kubwa za mizigo Afrika bila kuifanyia hata mradi mmoja wa chuo. Ushoroba wenyewe huchapisha takwimu zake tangu 2012, za siku ambazo mzigo unakaa bandarini na muda wa safari hadi mpakani. Hizo ni data za kuchezea, jamani!

Tatu, sheria. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019, na Rwanda 2021. Mahali alipo dereva saa nane usiku ni data yake pia, na anayeandika programu ya kuifuatilia anapaswa kujua itahifadhiwa muda gani na nani ataiona. Hilo liandikwe kwenye muundo wa hifadhidata tangu siku ya kwanza, maana baadaye hakuna atakayelipia kazi ya kurekebisha.

Wale walioanza 1999 walidhani wanatafuta tagi ya senti 5. Bei ya tagi imeshuka sana tangu hapo. Kuaminiana hakujashuka bei.

Kama wewe ni wakala wa forodha, dereva au mtu wa programu, na umeona mambo haya kwa karibu, uwanja wa maoni ni wako.