Kutoka meza ya upasuaji ya Kikwit hadi Mangina

Mtu akifikishwa wodi ya upasuaji ana homa, tumbo limevimba na anatapika, muuguzi wa Kivu Kaskazini hufikiria kwanza taifodi iliyotoboa utumbo, au kidole tumbo. Hakosei, kwani hayo ni maradhi ya kila siku. Shida ni kwamba Ebola nayo huanza vivyo hivyo, na kule kutokwa damu ambako watu wengi hukutarajia huchelewa, au hakuonekani kabisa. Ndiyo maana historia ya ugonjwa huu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapita katika mikono ya wauguzi kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote.

Aprili 1995, fundi wa maabara wa mji wa Kikwit alilazwa akiumwa tumbo. Ilishukiwa kuwa utumbo umetoboka kwa taifodi. Akapasuliwa, na hali ilipozidi kuwa mbaya akarudishwa mezani mara ya pili. Siku chache baadaye waliomhudumia wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Sista Floralba Rondi, muuguzi Mtaliano wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo, alifariki tarehe 25 Aprili, na masista wenzake watano wakafuata. Jina la ugonjwa lilithibitishwa Mei, wakati makaburi yalikuwa yamekwisha chimbwa. Watu 315 waliugua na takriban 250 wakafa. Karibu robo ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya.

Tuitazame kazi yenyewe. Daktari hupasua, hushona, akatoka. Muuguzi ndiye anayehesabu vitambaa vilivyolowa damu, anayeosha vyombo, anayebadilisha shuka, anayemwaga mkojo, anayefungua kidonda asubuhi na kukifunga upya. Usiku dripu ikichomoka, ni yeye anayeutafuta mshipa tena kwa mwanga hafifu, na mgonjwa anahangaika. Glavu zikipungua, yeye ndiye anayelazimika kuchagua nani ahudumiwe kwa glavu mpya. Sidhani kuna mtu hospitalini anayekaa karibu na damu ya watu kwa saa nyingi kuliko yeye.

Miaka 23 baada ya Kikwit, zamu ikafika Mangina, mji mdogo wa kanda ya afya ya Mabalako, kama kilomita 30 kutoka Beni. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini, wiki moja tu baada ya ule wa mkoa wa Équateur kutangazwa kuwa umekwisha. Lakini virusi vilikuwa vimekwisha tembea. Watu walikuwa wakilazwa, wakitibiwa homa, wakiruhusiwa kwenda nyumbani, wakafa na kuzikwa kwa mikono ya jamaa zao. Miongoni mwa walioambukizwa mwanzoni walikuwamo wahudumu waliowapokea. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 Agosti, na wahudumu wa afya wakawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Hapo Kikwit ikarudi kwa sura nyingine. Mtu aliyepona Ebola mwaka 1995 alikuwa ametoa damu yake miaka mingi baadaye, na kutokana na kingamwili zake watafiti, akiwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, wakatengeneza dawa ya mAb114. Ilianza kutumika Beni Agosti hiyo hiyo. Mwaka uliofuata utafiti ulionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa hiyo takriban thuluthi moja walifariki, ilhali kwa dawa ya zamani ya ZMapp walikufa nusu. Beni pia ndiko wauguzi walikotumia chumba cha plastiki angavu, wakiingiza mikono kwenye mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani. Mgonjwa aliweza kuona uso wa anayemhudumia, jambo ambalo ndani ya mavazi ya kinga lilikuwa haliwezekani.

Hatari haikuwa ya virusi peke yake. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wageni waliokuja kupambana na mlipuko waliweza kupanda ndege. Muuguzi mwenyeji alirudi jioni kwa majirani wale wale waliokuwa wakisema Ebola ni biashara, na kesho yake akaamkia kazini.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287, na wahudumu wa afya 171 walioambukizwa. Fedha na mahema vikaondoka, maradhi yakabaki. Ndoo ya maji ya klorini, kipimajoto mlangoni na boksi la glavu visingepaswa kamwe kuhesabiwa kuwa vitu vya dharura.

Agosti 2022 mwanamke mmoja alifariki katika hospitali ya rufaa ya Beni baada ya kulazwa wiki tatu kwa maradhi mengine. Kipimo kikaonyesha Ebola. Kati ya watu 131 waliomkaribia, 60 walikuwa wahudumu wa afya. Safari hii 59 kati yao walikuwa wamekwisha chanjwa.