Walioambiwa Warudi Nyumbani

Alhamisi ya tarehe 16 Machi 1922, wajumbe sita walitoka kuzungumza na Sir Charles Bowring, ofisa mkuu wa serikali ya kikoloni jijini Nairobi, wakarudi kwa umati uliokuwa umekesha nje ya kituo cha polisi. Ndani ya kituo alikuwamo Harry Thuku, kiongozi wa kisiasa wa Waafrika aliyekamatwa siku mbili kabla. Wajumbe walikuja na ahadi: Thuku hatadhurika, na shauri lake litaangaliwa kwa haki. Basi watu watawanyike, kila mtu arudi kwake. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Hapo ndipo mwanamke mmoja kutoka Weithaga, Murang'a, aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza mbele, akainua nguo yake hadi mabegani, na kuwaambia wanaume wamvulie suruali zao avae yeye.

Kwa Wagikuyu kitendo hicho kina jina, guturama, na hakifanywi kwa mzaha. Mwanamke mzima anayemwonyesha mtu utupu wake kwa hasira anamtoa katika heshima ya watu. Wanawake waliokuwapo walielewa mara moja. Walipiga vigelegele na kusogea kuelekea lango la kituo, na askari wakafyatua risasi. Simulizi za siku ile zinataja pia walowezi waliofyatua bunduki kutoka kwenye baraza la hoteli ya Norfolk, hatua chache tu kutoka pale. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa walikuwa 21. Waafrika waliofanya kazi katika chumba cha maiti walihesabu 56. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Historia ya upinzani nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa majina ya wafungwa: nani alikamatwa, nani alipelekwa Kismayu au Lodwar, nani alitoka gerezani akawa waziri. Makala haya yanawafuata waliokuwa nje ya lango. Kwa karibu miaka 80, tangu kaya za pwani hadi bustani ya Uhuru Park, wanawake wa Kenya walipewa amri ile ile na watawala waliotofautiana kwa kila kitu kingine: rudini nyumbani mkasubiri. Na mara kwa mara siasa ya nchi iligeuka pale walipokataa.

Wagiriama ndio walioionja mapema. Mwaka 1912 serikali ilimpeleka Arthur Champion kuwa ofisa msaidizi wa wilaya katika nchi yao, nyuma ya Malindi. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kuwatoa vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu pwani. Wagiriama walikuwa wakulima waliojitosheleza na mahindi ya kuuza. Hawakuona sababu ya kumlimia mtu mwingine. Walitakiwa pia kuhama mashamba yao mazuri ya kaskazini ya mto Sabaki. Kwao kurudi nyumbani hakukuwa hata na maana, kwa kuwa nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikichukuliwa.

Mnyazi wa Menza, aliyejulikana zaidi kama Mekatilili, alikuwa mjane mtu mzima wakati huo. Alitembea kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na watu walipokusanyika kucheza aliwahutubia. Katikati ya mwaka 1913 aliwaita Kaya Fungo, kitovu cha ibada na utawala wa kale wa Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatalipa kodi, hawatatoa vibarua wala hawatawatii wazee waliowekwa na serikali. Simulizi inayopendwa kuliko zote inamweka barazani mbele ya Champion akiwa na kuku mwenye vifaranga, akimwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone. Wazungu walitaka vijana wa Wagiriama, naye aliwajibu kwa kuku aliyemdonoa mzungu.

Kiapo kilifanya kazi. Vibarua walikauka, mabaraza ya wazee yakakosa watu, na ripoti za Champion zikajaa malalamiko. Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Serikali ilidhani umbali ungewanyamazisha. Januari 1914 wawili hao walitoroka na kurudi pwani kwa miguu, kupitia nchi ambazo hawakujua lugha zake, yeye akiwa mwanamke wa makamo au zaidi. Ni safari inayostahili kitabu chake pekee.

Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, na mapigano yakaanza. Inakadiriwa Wagiriama 150 waliuawa, nyumba nyingi zilichomwa na mbuzi kwa maelfu walichukuliwa. Waliobaki walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vijana 1,000 wa kufanya kazi. Mekatilili alikamatwa tena na kupelekwa uhamishoni. Ukiishia hapo, utasema Wagiriama walishindwa. Lakini baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliruhusiwa kurudi kaskazini ya Sabaki, na Mekatilili mwenyewe alirudi, akakaa katika baraza la wanawake la kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kila mwaka jina la Mekatilili husherehekewa Malindi.

Harry Thuku, yule aliyekuwa ndani ya kituo cha polisi mwaka 1922, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa karani wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali, kijana wa mjini aliyejua kuandika barua. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi ilipandishwa na kila mwanamume Mwafrika akilazimika kubeba kitambulisho cha kipande shingoni. Thuku na wenzake walituma telegramu London. Mhindi aliyekuwa mchapishaji wa gazeti, M. A. Desai, aliwapa nafasi ya kuchapisha karatasi zao. Kwa siasa yake Thuku alifukuzwa kazi.

Kulikuwa na lalamiko moja ambalo Thuku alilibeba kuliko wanasiasa wote wa wakati wake. Machifu walikuwa wakiwakusanya wanawake na wasichana kwenda kuchuma kahawa katika mashamba ya walowezi, na wengine walirudi wakiwa wamenajisiwa. Thuku alilisema hilo waziwazi mikutanoni. Wanawake wa Murang'a na Kiambu walimtungia nyimbo za sifa. Kwa hiyo swali la kwa nini Nyanjiru alikuwa nje ya kituo cha polisi siku ile, na kwa nini wanawake ndio waliokataa kuondoka, lina jibu lililo wazi. Wanaume walikuja kumwombea kiongozi wao. Wanawake walikuja kumtetea mtu pekee aliyewatetea.

Thuku alipelekwa Kismayu, kisha Marsabit, na hakuachiwa kwa karibu miaka tisa. Kodi iliyopandishwa hadi shilingi 16 ilishushwa hadi 12. Kipande kilibaki. Thuku mwenyewe alitoka kizuizini akiwa mtu mpole kwa serikali, na katika miaka ya 1950 alisimama dhidi ya Mau Mau. Barabara inayopita mbele ya Norfolk leo inaitwa Harry Thuku Road. Nyanjiru alibaki katika wimbo, Kanyegenuri, uliokuwa ukiimbwa na wanawake na ambao serikali iliupiga marufuku.

Murang'a hiyo hiyo iliona tena jambo la aina hii mwaka 1947 na 1948. Maofisa wa kilimo walitaka matuta yachimbwe kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kazi hiyo ikawaangukia wanawake, kwa kuwa waume wengi walikuwa mjini au mashambani mwa wazungu. Walichimba kwa nguvu, bila malipo, siku walizopaswa kulima chakula chao. Mwaka 1948 waliandamana wakicheza na kuimba hadi makao makuu ya wilaya, na wenzao walipokamatwa walikwenda na fimbo kuwatoa. Wataalamu wa udongo walikuwa na hoja nzuri kuhusu mmomonyoko. Walichokosa ni kuwauliza waliokuwa wakishika jembe.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, amri ya kurudi nyumbani haikufutika. Ilibadilisha sauti tu. Juni 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 2A katika Katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Tangu mwaka 1986, msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, uliwapeleka wahadhiri, wanafunzi na wakulima katika vyumba vya chini vya Nyayo House, ambako waliteswa hadi wakiri. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, wabunge walilikejeli shirika lake kuwa la wanawake waliotalikiwa. Jengo halikujengwa. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, polisi waliwatawanya watu waliokwenda Kamukunji kudai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Vyama vingi vikaruhusiwa, lakini wafungwa wa kisiasa walibaki ndani.

Hapo ndipo akina mama walipokuja Nairobi.

Tarehe 28 Februari 1992 wazazi wa kike wa wafungwa 52, wengi wao nyanya wa vijijini waliozoea shamba na kanisa, walikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakiwa na Maathai. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, aliyekuwa anashtakiwa kwa uhaini pamoja na mawakili Rumba Kinuthia na Mirugi Kariuki. Hoja yao ilikuwa rahisi na ya kisheria: watoto wao walifungwa kwa kudai vyama vingi, na vyama vingi sasa ni sheria. Waliambiwa serikali italiangalia jambo hilo, na wao warudi nyumbani. Walijibu kwamba watasubiri hapo jirani. Wakaenda Uhuru Park, kwenye kona inayotazamana na Nyayo House, wakatandika blanketi na kuanza kususia chakula.

Walipachagua mahali hapo wakijua. Mtu aliyeketi kwenye nyasi zile aliliona jengo ambamo mwanawe aliteswa. Siku zilivyopita, watu walianza kusimama na kusema mbele ya umati yaliyowapata katika vyumba vile, jambo ambalo hadi wakati huo lilinong'onezwa tu. Karani aliyekuwa akipita kwenda kazini alisikia kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mdomo wa aliyeteswa, kilichokuwa kikifanyika chini ya sakafu aliyoipita kila siku.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa gesi ya kutoa machozi na rungu. Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wazee wale wa kike walivua nguo na kuwakabili askari wakiwa utupu. Ilikuwa guturama ya Nyanjiru, miaka 70 baadaye, mwendo mfupi kutoka alipoangukia yeye, na askari wengi waligeuza nyuso. Kisha polisi waliwapakia akina mama kwenye magari na kuwasafirisha kwa nguvu hadi makwao. Serikali ilikuwa imeamua kuitekeleza amri yake yenyewe. Hawakukaa. Walirudi Nairobi, wakapokewa na Provosti Peter Njenga katika kanisa kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, na kwa karibu mwaka mzima wakaishi katika chumba cha chini cha kanisa hilo, polisi wakiwa wamelizunguka. Koigi wa Wamwere aliachiwa Januari 1993. Kufikia wakati huo karibu wafungwa wote walikuwa wametoka.

Tangu hapo sheria imewasogelea. Mwaka 1997 sharti la kuomba kibali cha mkutano wa hadhara liliondolewa, ikabaki kutoa taarifa kwa polisi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Hata hivyo risasi hazikukoma. Juni 2024, vijana wa kike na wa kiume walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, makumi waliuawa. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini mswada huo. Wengi wa waandamanaji hao walikuwa hawajazaliwa akina mama walipoketi Uhuru Park, na wengi hawakufundishwa shuleni kwamba kulikuwa na watu kama hao.

Upungufu huo una dawa, ila muda wake ni mfupi. Kumbukumbu za mwaka 1992 zinamtaja Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, na zinamtaja mama yake Koigi. Wengine wengi waliolala kwenye sakafu ya kanisa hawana hata picha yenye jina chini yake. Walikuwa watu wazima wakati huo; waliobaki hai leo ni wazee sana. Mwenye nyanya, shangazi au jirani aliyekuwa miongoni mwao, au aliyewapelekea chai na blanketi, amketishe, amrekodi kwa lugha yake ya nyumbani, na nakala aipeleke kwenye maktaba ya kaunti au Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, jengo lililo katikati ya Nairobi na ambalo mlango wake uko wazi kwa kila raia.