Mlembe na Warina Asali: Historia ya Ushirika wa Ndege na Binadamu

Mlembe, ndege anayejulikana pia kama kiongozi wa asali kwa sababu ya kazi yake, si wa kuvuta macho ya mpita njia. Urefu wake hauzidi sana sentimita 20, uzito wake ni wa gramu 50 hivi, na manyoya yake ni ya kahawia na kijivu yasiyong'aa, kiasi kwamba hata dume, mwenye koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa rangi ya waridi, hawezi kushindanishwa kwa urembo na chozi wala keremkerem. Uzuri wake umo katika tabia, na tabia hiyo ina mifano michache sana miongoni mwa wanyama wa porini: kwa hiari yake, bila kufugwa wala kufunzwa na mtu yeyote, ndege huyu humwendea binadamu, humwita kwa sauti ya kukereza isiyokatika, kisha huruka kutoka mti hadi mti akimwongoza mpaka lilipo pango la nyuki.

Sababu ya jambo hili ni nta. Mlembe ni mmoja wa viumbe wachache wenye uti wa mgongo ambao matumbo yao yanaweza kuyeyusha nta na kuifanya chakula, na pamoja na nta hupenda majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya masega. Nyuki wa Afrika, hata hivyo, hukaa ndani ya mashimo ya miti na nyufa za miamba, nao ni wakali kiasi cha kuweza kumuua ndege kwa miiba yao. Mlembe anajua waliko lakini hana namna ya kuwafikia. Mrina asali, yaani mtu ambaye kazi yake ni kutoa asali katika makao ya nyuki, ana moto, moshi na shoka, ila porini hajui aanzie mti upi. Kila mmoja anashika nusu ya kazi, na ndiyo maana ushirika huu umedumu kwa muda ambao hakuna maandishi yanayoufikia mwanzo wake.

Maandishi ya kwanza yanayofahamika yanatoka katika mwambao wa Afrika Mashariki wenyewe, huko Sofala, bandari iliyokuwa ya Waswahili kabla Wareno hawajajenga ngome yao hapo mwanzoni mwa karne ya 16. Mwishoni mwa karne hiyo mmisionari Mreno wa shirika la Wadominiko, João dos Santos, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa ya altare, na katika kitabu chake kilichochapishwa Ureno mwaka 1609 akaeleza pia kwamba ndege hao huwaongoza watu hadi kwenye nyuki. Inafaa kutambua kwamba habari ya pili hakuipata kwa kukaa kanisani. Aliyajua hayo kwa sababu wenyeji wa Sofala na bara yake waliyajua tangu zamani. Zaidi ya miaka 160 baadaye, Msweden Anders Sparrman, mwanafunzi wa Linnaeus aliyesafiri katika nchi ya Rasi ya Tumaini Jema, alimtangaza mlembe kwa wanasayansi wa Ulaya katika makala ya mwaka 1777, akimweka katika jamii ya kekeo na kumpa jina la Kilatini lenye maana ya mwonyeshaji. Kumhusisha na kekeo halikuwa kosa la kijinga, kwani mlembe naye hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine.

Tabia hiyo ya kutaga kwa wengine inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa inamwonyesha mlembe kwa sura ambayo msifiaji wake asingependa kuiona. Jike huingia katika shimo la keremkerem, hudihudi au ndege mwingine anayezaa gizani, akaacha yai lake humo na kuondoka. Kinda la mlembe huanguliwa likiwa kipofu na bila nyoya hata moja, lakini ncha za mdomo wake zina kulabu mbili kali, na kwa kulabu hizo huwauma makinda wa mwenye kiota mpaka wafe, kisha hulishwa peke yake na wazazi wasio wake. Kinda hili halimjui mama wala baba yake, na kwa hiyo halina mzazi wa kulifundisha njia ya kuwaita watu. Likishapata mbawa na kutoka shimoni, hutokea tu kwamba linapomwona binadamu msituni linakereza. Uongozi wenyewe, basi, unaelekea kuwa jambo la kuzaliwa nalo, ingawa namna ya kuwatambua watu wa mahali fulani ni suala jingine, ambalo limeanza kupata jibu katika miaka ya karibuni tu.

Mwaka 1955 Mmarekani Herbert Friedmann alichapisha kitabu kizima juu ya jamii ya walembe, akikusanya habari zilizotawanyika za wasafiri, wawindaji na wakulima, lakini hata baada ya hapo walikuwapo wataalamu walioichukulia habari ya ndege kuongoza watu kuwa hadithi iliyotiwa chumvi. Aliyeimaliza shaka hiyo ni Mkenya Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambaye pamoja na Heinz-Ulrich Reyer alifuatana kwa miaka 3 na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Alichofanya Isack kilikuwa na adabu ya kielimu iliyokosekana kwa wengi waliomtangulia: aliyachukua maneno ya Waborana kuwa ni ujuzi, si ngano, akayapima neno kwa neno. Waborana walidai kwamba mruko wa ndege unaonyesha upande yaliko makao ya nyuki, kwamba muda anaopotea baada ya kuonana na watu mara ya kwanza hulingana na umbali uliobaki, na kwamba kadiri safari inavyokaribia mwisho ndivyo anavyotua karibu zaidi na katika matawi ya chini zaidi. Vipimo viliwaunga mkono. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1989 yalionyesha kuwa mrina asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata makao mamoja ya nyuki, ilhali aliyeongozwa alihitaji saa 3.2, na kwamba asilimia 96 ya makao hayo yasingefikiwa na ndege bila binadamu kuyafungua kwa moto au vyombo.

Waborana hawangoji kuitwa tu, bali nao humwita ndege kwa mbinja kali inayosikika mbali ya kilomita moja, wakiipuliza katika viganja vilivyofumbatwa, katika kombe la konokono au katika kokwa ya mkoma iliyotobolewa. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania hupiga mluzi wenye mahadhi ya kupanda na kushuka. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, ndugu wa Wayao wa Tunduru na Masasi, hutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno mfupi, mlio waliourithi kwa baba zao. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha katika hifadhi ya Niassa, huko huko kaskazini mwa Msumbiji, kwamba mlio wa Wayao huongeza uwezekano wa kupata ndege wa kuongoza kutoka asilimia 33 hadi 66, ukilinganishwa na sauti nyingine, na mwaka 2023 yeye na Brian Wood walithibitisha jambo la ajabu zaidi: walembe wa Uhadzabe huitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Kiyao, na wale wa Niassa huitikia mlio wa Kiyao karibu mara 2 kuliko mluzi wa Kihadzabe. Ndege, kwa hiyo, hujifunza lugha ya majirani zake.

Malipo pia hutofautiana. Katika jamii nyingi ni mwiko kuondoka bila kumwachia ndege sega lake, na husemwa kwamba aliyedhulumiwa atalipiza kisasi siku nyingine kwa kumpeleka mtu kwa simba au nyoka. Wayao humtandikia nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe, kinyume chake, mara nyingi huyachoma au huyafukia mabaki, kwa hoja kwamba ndege mwenye njaa ataendelea kuongoza. Msomaji aliyezoea kusikia ushirika huu ukisifiwa kuwa urafiki mtupu hana budi kuikubali tofauti hiyo, kwa maana inaonyesha kwamba pande zote mbili zinapiga hesabu.

Simulizi ya kale kwamba mlembe humwongoza nyegere pia bado inajadiliwa. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahoji warina asali karibu 400 katika nchi 9 ulikuta wengi wao wakiikana, ila katika jamii kadhaa za Tanzania, hasa Wahadzabe, wengi walisema wameiona kwa macho yao. Kwa kuwa ushahidi wa warina uliwahi kudharauliwa na baadaye ukathibitika, si busara kuufuta wa safari hii kwa haraka.

Mila hii imepungua mahali pengi, kwa kuwa sukari ya dukani ni rahisi kupatikana na ufugaji wa nyuki kwa mizinga haumhitaji ndege. Katika hifadhi za taifa ambamo kurina asali kumekatazwa, mlembe analindwa lakini ushirika wake na watu haulindwi, kwani hakuna anayemjibu anapokereza, na hili ni pengo ambalo sera za uhifadhi hazijalitazama ipasavyo. Niassa inaonyesha njia nyingine: humo vijiji viko ndani ya hifadhi yenyewe, Wayao wanaendelea kurina, na vijana bado wanajifunza mlio huo kwa wakubwa wao.