Kisa cha matumizi

nm [ki-/vi-], wingi: visa vya matumizi. Katika uundaji wa programu, maelezo ya hatua ambazo mhusika na mfumo hupitia hadi lengo moja litimie. Dhana hii iliasisiwa na Mswidi Ivar Jacobson katika miaka ya 1980.

Katika mchoro wa UML, kisa huonyeshwa kwa duaradufu na jina tu. Undani huandikwa kwa maneno. Tuchukue kisa "Kumwandikisha mtoto mchanga" katika kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu (Kasulu). Mhusika ni karani atumiaye mfumo, wala si mtoto. Njia kuu ni fupi. Uzito umo katika njia mbadala: mama aliyejifungulia nyumbani hana tangazo la kizazi. Njia hiyo isipoandikwa, mfumo utamkataa mtoto, na mgawo wa chakula hautamhesabu.

Matumizi: afadhali "mhusika" kuliko "mtendaji", kwa Mtanzania, mtendaji ni afisa wa kata au kijiji.