Kumtapisha au Kumwacha: Historia ya Kumtibu Mbwa Aliyemeza Sumu ya Nyumbani

Mbwa ni mwepesi wa kutapika. Farasi hawezi, panya hawezi, lakini mbwa akila kilichooza hukitoa mwenyewe na mara nyingine hukirudia. Kwa sababu hiyo, tiba ya mbwa aliyemeza kitu kibaya ilikuwa moja kwa muda mrefu: atapishwe, tena upesi. Kwamba kutapishwa kwenyewe kungeweza kumuua ni jambo lililochelewa kufahamika, na lilipofahamika lilitokana zaidi na watoto kuliko mbwa.

Mwanzoni mambo yalikuwa kinyume, kwani mbwa ndiye aliyemfundisha binadamu habari za sumu. Mathieu Orfila, mzaliwa wa kisiwa cha Minorca, alianza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha sumu mjini Paris mwaka 1814, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwa mbwa aliowalisha sumu kisha akawapasua. Wepesi wao wa kutapika ulimvurugia majaribio, kwa hiyo aliwafunga umio kwa uzi ili sumu ibaki tumboni. Baadaye wenzake walihoji, kwa haki, kama mnyama amekufa kwa sumu au kwa kufungwa. Hata hivyo majaribio hayo yaliacha jambo la manufaa: Orfila alionyesha kwamba ute mweupe wa yai hushikamana na kloridi ya zebaki na kuipunguza nguvu. Kwa sumu hiyo alikuwa sahihi. Watu wakalifanya yai, pamoja na maziwa, kuwa dawa ya kila sumu, na mpaka leo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maziwa ndiyo ya kwanza kukimbiliwa. Ukweli ni kwamba maziwa hayakati sumu. Kazi yake ni kuosha mdomo na umio na kuizimua kemikali inayounguza, basi.

Mkaa nao ulipata sifa katika karne hiyohiyo, kwa namna ya kushtua zaidi. Inasimuliwa kwamba Mfaransa Michel Bertrand alimeza aseniki pamoja na mkaa mwaka 1813 na kupona, na kwamba mwaka 1831 mfamasia Touéry alimeza mbele ya wasomi wa tiba kiasi cha striknini kinachotosha kuua watu kadhaa, kikiwa kimechanganywa na mkaa, akaondoka salama. Mkaa hunasa sumu nyingi juu ya uso wake wenye vitundu visivyohesabika, lakini haunasi zote: tindikali, kostiki soda na mafuta ya taa huponyoka. Tena kinachotakiwa ni unga wa mkaa ulioamilishwa kiwandani. Wa jikoni hauna nguvu hiyo. Tofauti hii ilisahauliwa kabisa katika karne ya 20, pale vitabu vya nyumbani vya Marekani viliposifu mchanganyiko wa mkaa, magnesia na tanini, kisha vikaruhusu badala yake mkate ulioungua, maziwa ya magnesia na chai ya rangi. Mkate ulioungua haunasi chochote cha maana. Makala ya Emmett Holt na Paul Holz ya mwaka 1963 ndiyo iliyourudisha mkaa ulioamilishwa, peke yake, mahali pake.

Somo gumu lilitoka kwenye kostiki soda. Chevalier Jackson, daktari wa koo wa Philadelphia, alitibu watoto wengi waliomeza soda ya kusafishia masinki iliyowekwa sehemu ya wazi jikoni. Umio wao ulipopona ulibaki na makovu, ukasinyaa hata maji yasipite. Kampeni yake ilizaa sheria ya Marekani ya mwaka 1927 iliyolazimisha vifungashio vya kemikali kama hizo vibandikwe onyo la sumu. Somo lenyewe lilihusu kutapisha: kemikali iliyounguza ikishuka huunguza tena ikipanda. Mafuta ya taa hayaunguzi hivyo, ila mnyama akitapika huingia mapafuni kwa urahisi, na hapo ndipo yanapoua.

Kwa mbwa somo hilo lilifika polepole. Uingereza, wenye mbwa waliambiwa kwa miaka mingi wawamezeshe punje za soda ya kufulia ili watapike, na palipokosekana uangalifu mbwa alipewa kostiki badala yake. Kwingine ilitumika chumvi nyingi, ambayo nayo inaweza kumuua mbwa kwa kupandisha sodiamu mwilini. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 imebaki kutumika Marekani, lakini kwa maelekezo ya daktari tu, maana hukwaruza tumbo. Kwenye kliniki kazi hiyo hufanywa na sindano ya apomofini, dawa iliyotengenezwa kutokana na mofini mwaka 1869.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni simu. Kituo cha kwanza cha taarifa za sumu Marekani kilifunguliwa Chicago mwaka 1953 kwa ajili ya watoto, kikitegemea sana kadi za taarifa za mfamasia Louis Gdalman. Mwaka 1978 William Buck alianzisha huduma ya namna hiyo kwa wanyama katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1996 ilichukuliwa na shirika la ustawi wa wanyama la ASPCA. London ilipata ya kwake mwaka 1992. Anayepiga simu haulizwi kwanza kama ametapisha. Huulizwa jina lililoandikwa kwenye kopo, uzito wa mbwa, kiasi kilichopungua na muda uliopita. Mara nyingi jibu ni kumsuuza mdomo, kutompa kitu, na kumpeleka kliniki pamoja na kopo lenyewe.

Maji ya rejeta yenye ethilini glaikoli yanaonyesha vizuri kwa nini muda huulizwa. Ni matamu, mbwa huyalamba sakafuni mwa gereji. Glaikoli yenyewe humlewesha tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi, na fuwele za oksaleti huziba figo. Tiba ya zamani ilikuwa pombe: ethanoli hushindania kimeng'enya kilekile cha ini, na glaikoli hutoka kwenye mkojo bila kubadilika, huku mgonjwa akilewa siku nzima. Fomepizoli hukizuia kimeng'enya hicho bila kulewesha, na kwa mbwa inapaswa kuanza ndani ya saa chache. Marekani iliiruhusu kwa mbwa mwaka 1996, na kwa binadamu mwaka uliofuata. Kliniki isiyo nayo bado hutundika dripu ya pombe.