Nadharia ya maingiliano ya makundi

Nadharia ya maingiliano ya makundi ni hoja ya saikolojia ya jamii inayosema kwamba chuki baina ya watu wa rangi, kabila au dini tofauti hupungua wanapokutana na kushirikiana katika mazingira yanayofaa. Aliyeipa sura kamili ni Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake *The Nature of Prejudice* cha mwaka 1954.

Ushahidi ulikwishaanza kukusanywa. Mwaka 1951 Morton Deutsch na Mary Evans Collins walilinganisha nyumba za umma za New York, ambako familia za weusi na weupe zilipangiwa majengo yaleyale, na za Newark, ambako kila rangi ilitengewa majengo yake. Akina mama weupe wa New York walionekana kuwa na ujirani mwema zaidi na wenzao weusi.

Allport hakudai kwamba ukaribu peke yake unatosha. Aliweka masharti manne: watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na mamlaka, yaani sheria, viongozi au desturi, iunge mkono maingiliano hayo. Hapa ndipo penye uzito wa nadharia yote. Katika majimbo ya kusini ya Marekani weupe walipikiwa chakula na kulelewa watoto wao na weusi kwa vizazi vingi, na ubaguzi haukutikisika, kwa sababu mmoja alikuwa bwana na mwingine mtumishi.

Mwaka 2006 Thomas Pettigrew, aliyekuwa mwanafunzi wa Allport, na Linda Tropp walichambua kwa pamoja tafiti 515. Kwa jumla maingiliano yalikwenda pamoja na kupungua kwa chuki, hata pale ambapo masharti hayakutimia yote. Hata hivyo, athari hiyo ni hafifu zaidi kwa makundi ya wachache, na jambo hili halikupewa uzito unaostahili. John Dixon, Kevin Durrheim na Colin Tredoux, waliochunguza Afrika Kusini, wameonya pia kwamba urafiki na kundi lenye nguvu unaweza kumfanya anayeonewa aone uonevu kuwa mdogo kuliko ulivyo.

Jaribio linalofundisha mengi zaidi ni la Salma Mousa, lililochapishwa mwaka 2020. Kaskazini mwa Iraki, miongoni mwa Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu, aliandaa ligi za mpira wa miguu. Kwa bahati nasibu, timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu na nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu mchanganyiko, na miezi sita baadaye waliendelea kufanya nao mazoezi. Lakini nje ya uwanja mabadiliko yalikuwa madogo: hawakuwazidi wenzao kwa kwenda kula katika mkahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi.

Mapitio ya mwaka 2019 ya Elizabeth Levy Paluck na wenzake yalipata majaribio 27 tu yaliyowapanga washiriki kwa bahati nasibu na kupima matokeo baada ya muda kupita, na hakuna hata moja lililopima ubaguzi wa rangi au kabila kwa watu waliopita umri wa miaka 25. Hao ndio wenye kuajiri, kupangisha nyumba na kutunga sheria.